Kapita Alinirukisha Kama Chura Mbele ya Mama Mukwe

Mwenye kututumia hii habari anatumika karibu na Ngungu. Jina yake inabaki kwetu.

Mufiche jina yangu, lakini hasira yangu musiifiche. Niko mwanaume wa miaka makumi tatu, niko na bibi na mutoto mudogo, na ninatumika ku shamba ya pareto ya Muzungu mumoja. Tangu utoto mimi ni muntu wa kunyamaza. Watu wakiniangalia sana, mikono inatoka jasho.

Muzungu alisema wafanyakazi wake wako na huzuni, basi kila asubui, mbele ya kazi, tufanye jimunastiki. Ee, kapita wetu, ule musimamizi wa kazi, alifurahi! Yeye ni muntu wa kelele, bila watu hata chakula haishuki. Turuke, tupige makofi, tuimbe. Wenzangu wengi, kweli, waliingia kazini wakicheka. Mimi niliingia nimechoka. Nikamuomba: "Kapita, uniache nipande kilima peke yangu na kurudi. Mwili itapata joto vilevile."

Akasema, "Bibi-harusi wetu anaona haya!" Akanivuta mbele ya wote, akanirukisha kama chura, mikono chini. Wakati ule njo mama mukwe wangu alikuwa anapita na kitunga ya maharagi.

Munajua kwetu muntu na mama mukwe wake wanavyoachiana njia kwa heshima. Alifunika uso na kitambaa, akaenda. Bibi yangu alizaa, mama yake hakufika. Mpaka leo hajapakata mutoto wetu.

Nilipokataa kuruka tena, kapita akanisemea kwa Muzungu, wakanitupa ku kazi ya kupandisha chumvi ya ngombe kule juu ku malisho. Azabu gani? Kule nilipona! Kutembea, ukungu, hakuna wa kuniangalia. Nikalala vizuri, nikakula, hata nikaimba. Muzungu akaona kazi yangu iko muzuri.

Kisha asubui moja kapita alinogewa na kuruka kwake, akasahau moto wa nyumba ya kukaushia, maua yote ya pareto ikaungua. Muzungu akamushusha, akaniweka mimi kapita. Akauliza huyu tumupe kazi gani. Nikajibu mbio: "Chumvi."

Nilijua. Ile iliyoniponesha mimi, yeye njo itamumaliza. Sasa amekonda, anazungumuza na ngombe, na moja ameipa jina yangu. Bibi yake alikuja analia: "Kaka, umurudishe, atakufa na upweke." Nikamwambia, "Mama, mimi kule nilipona." Mungu anisamehe, siku ile nilikula vizuri sana.

Juzi ule kapita wa zamani ametuma neno: nikimurudisha, ataruka kama chura mbele ya watu wote, kisha ataenda kwa mama mukwe wangu kuomba musamaha. Bibi yangu ananilalamikia, "Kubali, mama apakate mujukuu wake." Roho yangu inasema abaki kule mpaka ngombe wamuchoke.

Munishauri, nimurudishe ao nimuache? Lakini musikimbie kujibu. Chumvi ingali mingi.