Tiara Niliyoiachia Mbele ya Mkwe

Nichekeni tu, maana Kigombe nzima imeshanicheka.

Kazi yangu ni kuwashikia wageni tiara zao, zile kubwa zinazowavuta baharini juu ya ubao. Kanuni ni moja: huiachii mpaka mgeni ainue kidole gumba na mbele yake pasiwe na mtu. Lakini kwa Mama Zuhura, ambaye nataka kumwoa binti yake, nilijitambulisha kuwa ni mkuu wa usalama wa ufukwe.

Juzi nimeshika tiara ya dada mmoja wa Kijerumani, bado anahangaika na mkanda wake kiunoni, ule uliofungwa kamba za tiara, mara huyo Mama Zuhura, ndoo ya dagaa kichwani. Siku zote hunipita kama mnazi. Siku hiyo akaninyooshea mkono!

"Shikamoo mama!"

Na mimi nimelelewa bwana, mkono wa mkubwa hupokewa kwa mikono miwili. Nikaupokea kwa yote miwili.

Tiara ikaruka. Mgeni akatupita akiburuzwa kwa tumbo, akaparamia dagaa wote walioanikwa na akina mama, akainuka amejaa dagaa mpaka kwenye nywele. Mzima, alhamdulillahi.

"Nani alishika?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Akina mama wote wakanigeukia. Mama Zuhura akauchomoa mkono wake taratibu, akaupangusa kwa kanga.

"Kitambaa tu kimekushinda kushika, mkuu wa usalama. Zuhura wangu utamshika kwa mkono upi?"