Makofi ya Mama Marcelina

Genoveva, muuguzi mwenzangu hapa hospitalini Kigoma, si mtu wa kusahau. Wanaosema ana kinyongo wangemwona mama yake kwanza, ndipo wafungue midomo.

Mama yake huyo, Mama Marcelina, alijikata mguu kwa jembe huko Kidahwe, miaka ile wakimbizi kutoka Kongo walipokuwa wakilala hadi kwenye korido zetu. Akalazwa. Alipopita Fabian, mwanafunzi wa udaktari aliyekuja kutoka Moshi, mama alijiinua kitandani akamsalimia kama Waha tunavyomsalimia mtu wa heshima: akapiga makofi taratibu, "Mwidiwe." Yule kijana akadhani anachekwa.

"Bibi, hapa si ngomani," akasema, akampita bila hata kufungua bandeji.

Kesho yake mama akapiga makofi tena, akapitwa tena. Daktari mwingine alipokuja kuufungua, mguu ulishaoza. Ukakatwa chini ya goti.

Fabian akarudi mwaka 2015, Warundi wakimiminika, naye sasa mwalimu wa madaktari, tumbo mbele. Akataka itengenezwe video ya kuwaonyesha wanafunzi wodi zetu na watu wa huku kabla hawajamgusa mgonjwa. Kazi hiyo akampa Genoveva. Hakumjua ni mtoto wa nani! Nilicheka peke yangu chumba cha sindano.

Genoveva alirekodi mapokezi, maabara na wodi. Mwisho akapanda bodaboda hadi Kidahwe.

Siku ya kuonyesha, Fabian alikaa mstari wa mbele. Mama akatokea kwenye skrini, kanga imekunjwa juu ya goti, akapiga makofi.

"Mwidiwe. Hii ndiyo salamu yetu. Daktari Fabian alidhani namcheka, akanipita. Tazameni, mguu sina."

Wanafunzi wote wakamgeukia mwalimu wao. Nilifurahi, sifichi.

Baadaye alimfuata Genoveva, sauti imemshuka. "Sista, naomba kile kipande cha mwisho ukiondoe."

"Mrudishie mama mguu, daktari. Nitakiondoa leo hii."

Mganga mkuu aliipenda video ile, akaagiza ionyeshwe kwa kila kundi jipya. Mama Marcelina ameshafariki. Lakini kila mwaka Fabian huiwasha kwa mkono wake, na mama humtaja kwa jina mbele ya wageni. Genoveva husimama mlangoni, haondoki mpaka Fabian apige makofi kumwitikia mama.