Klachi ya Mama Mkwe

Spidi alikuwa hawezi kumtazama mama mkwe wake usoni bila kushika kitu mkononi. Akienda kumsalimia atabeba hata tochi mbovu, alimradi vidole vipate kazi. Hilo jina la Spidi mafundi wenzake walimpa kwa dhihaka tu, maana pikipiki yake ilikuwa chakavu kiasi kwamba mbuzi mwenye haraka zake angeipita. Lakini mbio za magari alizipenda, bwana, alizipenda kupita kiasi. Ukuta mzima wa gereji yake ulijaa picha za magari yanayoruka matuta huku tope likitawanyika, na chini ya picha hizo yeye alishinda akibadilisha breki za magari ya kubebea mikate.

Mama mkwe alikuwa mkunga. Hospitali ilishamstaafisha, ila wanawake wa mitaa ya mlimani walikataa katakata kumstaafisha. Mimba ikitunga kule juu, kabla ya mama mzaa chema kuambiwa, ameshaambiwa yeye. Alipanda mlima huo na kigari chake kidogo cha gia za kujibadilisha zenyewe, mkoba wake ukiwa kiti cha mbele kama abiria wa heshima. Siku giaboksi ilipokufa, kigari kilivutwa kwa kamba hadi kwa Spidi.

"Hizi gia za kujifanyia zenyewe zimenichosha," mama akasema. "Mimi gari nilijifunzia la klachi. Nifungie gia za mkono, mwanangu, nikanyage mwenyewe."

"Hilo limekwisha, mama," Spidi akajibu, macho kwenye spana.

Moyoni alikuwa anaruka. Kugeuza gari la oto liwe la gia za mkono ni kazi ambayo fundi wa breki za magari ya mikate huiota tu. Na aliifanya vizuri, tusimpunje sifa yake. Giaboksi aliipata kwenye gari la aina ileile lililogongwa ubavuni. Pedali ya klachi aliifunga ikakaa kama iliyozaliwa pale, nyaya za stata akaziunganisha upya, nafasi ya wenzo wa gia akaikata kwa uangalifu wa fundi cherehani. Kikabaki kitu kimoja. Gari la oto halina flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalokaa mgongoni mwa injini na kubanwa na klachi. Lina bamba jembamba tu lenye meno. Basi ilibidi achague flaiwili na klachi ya kuendana nayo. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Muuza spea alimwekea seti mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, flaiwili nene, nzito, rangi ya kutu, na klachi kama ile inayotoka kiwandani. Ya pili ilikuwa imefunguliwa kwenye gari la mbio. Flaiwili yake ilichongwa ikabaki nyembamba, inang'aa. Presha yake, lile bamba la kubania klachi, ilikuwa na springi ngumu, na sahani ya klachi ilikuwa chuma kitupu, haina hata vile vispringi vya kulainisha mshtuko. Spidi aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Hiyo usiiangalie kwa uzuri," muuza spea akasema. "Flaiwili nyepesi injini inapanda upesi, sawa, lakini ukiachia klachi polepole gari linazimika. Haina uzito wa kulibeba. Na pedali yake ni mazoezi ya mguu. Hii ni ya vijana wanaoondoka kwa fujo. Nani ataendesha?"

"Mimi," Spidi akasema.

Neno moja tu, tena la uongo, tena kwa mtu ambaye hakuwa na haja yoyote ya kudanganywa. Njiani alijipa visingizio vyote vilivyopatikana. Chuma kigumu hudumu. Mama anastahili kitu cha maana. Kwenye mlima panahitajika klachi yenye nguvu. Ukweli ni kwamba alitaka, hata mara moja maishani, mikono yake ifunge kitu kama vile vya ukutani. Mguu utakaokikanyaga hakuufikiria, au aliufikiria akaupita haraka.

Siku ya kukabidhi gari, mama aliketi, akarekebisha kioo, akakanyaga klachi. Uso wake ulikunjika kidogo. Akaachia taratibu, kama alivyofundishwa zamani. Gari likaruka, likazimika. Akawasha tena, likaruka tena, likazimika tena getini huku majirani wakitazama.

"Bado mpya, mama," Spidi akasema kupitia dirishani. "Likanyage kwa nguvu, utalizoea."

Mama hakulizoea. Alikuwa mtu wa mikono ya polepole, mtu aliyezoea kupokea vitu visivyotaka papara, na lile gari lilitaka papara. Pale kwenye kona ya chini ya mlima, ambapo lazima usimame kwenye mwinuko kupisha magari yanayoshuka, lilimzimikia mara kwa mara likirudi nyuma. Siku moja dereva wa lori aliyekuwa nyuma yake alitoa kichwa nje akapaza sauti: "Bibi, si ukalee wajukuu!" Watu wakacheka. Mama akashuka, akamwomba mpita njia amsogezee gari pembeni.

Habari hiyo Spidi aliletewa mezani na mke wake.

"Mama anasema goti la kushoto limekwisha," mke akasema. "Anasema hakujua kama amezeeka hivi. Halafu yeye ndiye aliyetaka gia za mkono, anaona aibu hata kukuambia."

Mlango ulikuwa wazi, ilibaki aseme tu. Angesema, kosa si la goti, ni langu. Spidi akatafuna, akameza, akasema: "Umri nao, mke wangu."

Akamaliza chakula chake. Usiniulize alikipitishaje.

Jumapili iliyofuata mama mkwe aliwaita wote nyumbani. Baada ya kula alisimama, akatoa ufunguo kwenye kitambaa chake, akamwita Spidi mbele ya mabinti na mashemeji.

"Kazi ya barabarani nimeiacha," akasema. "Huyu mwanangu alilihangaikia gari hili kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyeshindwa. Nisingependa likae uani linioneshe uzee wangu kila asubuhi. Chukua, mwanangu. Liwe lako."

Watoto wakapiga makofi. Shemeji mmoja akamtania kwamba sasa pikipiki ipelekwe makumbusho. Spidi akapiga goti, akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akasema ahsante mama. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Kila mtu alidhani ni furaha, na mke wake alimbana mkono akimnong'oneza kwamba mama hajawahi kumheshimu mkwe mwingine hivi.

Na aibu kubwa kuliko zote, afadhali niiseme: alipoliendesha kurudi nyumbani, alilifurahia. Mguu wake usiojua maumivu ulikanyaga ile pedali ngumu bila shida, injini ikaitika mara moja kama mtu aliyekuwa anasubiri kuitwa. Tangu atoke uani kwa mama mpaka kwake alikuwa mtu wa picha za ukutani. Alipozima injini ndipo alipojichukia.

Asubuhi moja katikati ya wiki alikuwa anapeleka spea kwa mteja wa juu. Karibu na ile kona alimwona mama mkwe wake ameketi kwenye ukingo wa mtaro, mkoba miguuni, anasugua goti. Alikuwa anapanda kwa miguu. Mama akalitambua gari lake, akainuka kwa heshima zote, akasogea nyuma kulipisha, akapunga mkono. Akatabasamu.

Spidi hakusimama. Mguu ulishindwa kwenda kwenye breki, akapiga honi fupi ya salamu akapita. Kwenye kioo alimwona akiinama kuchukua mkoba. Mzigo wa mteja haukufika siku hiyo. Kule juu alitafuta pa kugeuzia, akashuka kwa njia ya nyuma ili asimkute tena, akaenda moja kwa moja kwa muuza spea.

"Ile seti ya kawaida bado ipo?"

"Ipo. Mbio zimekuchosha mapema hivi?"

"Halikuwa gari langu," Spidi akasema. "Ni la mama mkwe."

Muuza spea akatikisa kichwa. Kisha akaivuta ile flaiwili nzito kutoka rafu ya chini, akaisukuma kwenye kaunta, akamtajia bei tu. Spidi angependa atukanwe.

Akashusha giaboksi peke yake, akafungua kile kitu chenye kung'aa, akafunga cha rangi ya kutu. Alipomaliza alilijaribu: akaachia klachi polepole kabisa, bila kukanyaga mafuta, na gari likaondoka lenyewe. Ilikuwa rahisi kiasi hicho tangu mwanzo.

Alimkuta mama anaanika nguo. Wazo lilikuwa limemjia njiani, na halikuwa baya kwa mtu mwoga: amwambie tu, jaribu tena mama, labda goti limepoa. Mama angeendesha, angefurahi, angemshukuru tena. Wazo la kushukuriwa tena ndilo lililomshinda.

"Mama, goti lako halina neno," akasema. "Nilikufungia klachi ya gari la mbio kwa sababu niliipenda. Niliambiwa dukani kwamba haifai. Sasa nimefunga ya kawaida."

Mama alikuwa ameshika shuka. Hakuliachia.

"Siku ile getini, uliponiambia nikanyage kwa nguvu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nilipokupa ufunguo?"

"Nilikuwa najua, mama."

Alimaliza kuanika shuka, akalibana pembe zote. Akaenda kunawa mikono, akarudi na mkoba. "Panda," akasema, akaketi kwenye usukani.

Gari liliondoka taratibu kama mtu anayetoka chumbani alimolala mtoto. Kwenye kona ya mwinuko mama alisimama makusudi, ingawa hakuna gari lililokuwa linashuka. Akangoja. Akaachia klachi, na gari likapanda bila kurudi hata kidogo. Chozi lilimshuka, hakulifuta. Spidi alitazama nje upande wake mpaka walipofika.

Walisimama mbele ya nyumba yenye mlango wa bluu. "Humu kuna mwanamke mwenye mimba ya miezi ya mwisho," mama akasema. "Watoto wake wote nimewapokea mimi. Juzi nilipanda kwa miguu kumwambia atafute mkunga mwingine kwa sababu nimezeeka. Alilia. Sasa wewe ndiye utakayemweleza."

Mwanamke alifungua mlango ameshika kiuno. "Mama! Si ulisema huji tena?"

Mama akasogea pembeni, akampisha Spidi.

"Hajazeeka," Spidi akasema, na sauti ilitoka ndogo. "Mimi ndiye niliyeliharibu gari lake kwa starehe yangu. Alipodhani ni uzee, nikamwacha adhani hivyo. Hata gari nikalichukua."

Mwanamke alimtazama kuanzia viatu mpaka usoni, kisha akamgeukia mama. "Na huyu ni nani?"

"Ni fundi," mama akasema, akachukua mkoba wake, akaingia ndani.