Daftari la Kikamba na Zabuni ya Bwawa

Nakumbuka asubuhi moja hapa Ndithini, mwanangu, nilipojiona msomi kuliko kina mama walionilea.

Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, na wanawake wa mwethya yetu, kile kikundi cha kulimiana na kuchimbiana matuta kwa zamu, wakanichagua kuwa karani. Serikali ilikuwa imetangaza zabuni ya kujenga bwawa la mchanga kwenye mto wetu, ule ukuta unaozuia mchanga ili maji yabaki ndani yake. Kazi hiyo waliijua. Walikuwa wamejenga mabwawa mawili kwa mikono yao, na kila siku ya kazi iliandikwa kwa Kikamba katika daftari moja kubwa lenye mihuri ya chifu. Waliitaka zabuni ile kwa moyo wote, maana wao ndio waliojua hali ya mto ule kiangazi na masika.

Masharti yalisema zabuni iandikwe kwa Kiingereza. Nami nikaishia hapo kusoma. Mwenyekiti wetu, Mwaitu Syombua, yaani Mama Syombua kwa Kikamba, mwanamke asiyejua kusoma lakini usiyeweza kumdanganya, akaniletea daftari niliambatanishe.

"Mwaitu, hii wacha ikae," nikamwambia. "Huko ofisini watatucheka na Kikamba chetu."

Badala yake nikaandika barua ya kutusifu, kwa Kiingereza kizito ambacho mimi mwenyewe sikukielewa chote. Cheka tu, nimekubali.

Tukakataliwa. Barua ya ofisi ilisema hatukuonyesha ushahidi wa kazi tuliyowahi kufanya. Kwa aibu, nikawaambia kina mama baada ya ibada kwamba serikali haitaki watu wasiojua Kizungu. Wengine machozi yaliwatoka. Syombua akaninyoshea mkono.

"Leta hizo masharti," akasema. "Utusomee zote kwa Kikamba, pole pole."

Nikasoma. Chini tu ya pale nilipoishia, masharti yaliruhusu vielelezo vya lugha nyingine, mradi viandamane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.

"Kwa hivyo hiyo karatasi haijakataa Kikamba," Syombua akasema. "Ni wewe umekikataa."

Kazi alipewa mkandarasi wa mbali, na kina mama wakaenda kumbebea mawe kama vibarua, kwenye mto wao wenyewe. Nilipowaona nilitamani ardhi inimeze.

Zabuni iliyofuata, ya bwawa la upande wa Kivaa, nililitafsiri daftari lile ukurasa kwa ukurasa, wakili wa mjini akathibitisha, na kabla ya kutia sahihi nikawasomea kina mama kila neno kwa Kikamba. Walinirekebisha mara nne. Tukashinda, na nilijua tutashinda.

Sasa wewe unajaza zabuni kwa kompyuta, na Kiingereza chako kimepita changu mbali. Nafurahi. Ila soma masharti mpaka mwisho, wala usiombe kazi kwa jina la watu wasiojua umewaandikia nini. Ofisi ikitaka Kiingereza, ipe Kiingereza safi. Lakini kazi ya watu wako usiifiche kwa kuwa iliandikwa kwa lugha ya nyumbani. Itafsiri, ithibitishe, iweke mbele ya hiyo ofisi.

Mungu aubariki mkono wako unaoandika, mwanangu, na watu wako wajitambue katika kila karatasi utakayoitia sahihi kwa niaba yao.