Mfuniko wa dumu na msalaba wa bwawani

Ndugu zangu, kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba mfuniko wa dumu langu la njano ulitumbukia bwawani.

Leo nikashuka kuutafuta. Ukame umelikausha bwawa letu la mlimani, lile linalopeleka maji mjini, hadi mashamba ya zamani yameonekana. (Mnaolalamikia mabomba, sababu ni hiyo.)

Kwenye tope nikamkuta jirani yangu, Mzee Gervas, amesimama mbele ya msalaba wa saruji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Macho yangu mabovu, mwanangu. Nisomee hapo."

Hapo nikatamani ningekuwa sijui kusoma.

"Skolastika," nikasema.

Ni marehemu mkewe. Kabla bonde halijajazwa maji, tuliambiwa makaburi yote yamehamishiwa juu, karibu na kanisa.

Mzee akauliza, "Sasa yule ninayemfagilia kaburi kila Jumapili kule juu ni nani?"

Nyie mngemjibu nini? Mimi nilijifanya natafuta mfuniko.

"Kesho asubuhi njoo na jembe," akasema. "Tumtoe kabla maji hayajarudi."

Nikakubali.

Mvua imeanza saa kumi jioni na haijakatika.