Mganga wa Saa Nane

Kadii hakuwa mtu wa michezo. Mtu aliyeshinda tangu alfajiri akikwangua chumvi kwenye mabwawa ya Gongoni, magoti yanamuuma na vidole vimepasuka kwa yale maji makali, ana michezo gani? Lakini ungempitia saa nane mchana ungemkuta kibarazani kwake ameinamia simu, anabofya kwa kidole kimoja alichokipaka mafuta ili kioo kimkubali, ukadhani mama mzima wa miaka thelathini na tisa ameingiwa na utoto. Majirani walidhani hivyo, na walisema. Yeye hakuwajibu. Alikuwa akiongea na mdogo wake.

Huyo mdogo, Pamela, alikuwa anakaribia kumaliza miaka miwili ya kazi za nyumbani huko Uarabuni. Simu yake ilikaa kabatini mwa mwajiri, ikitolewa kila mwisho wa mwezi kwa dakika kumi, mwajiri mwenyewe kasimama hapo hapo. Ila mtoto aliyekuwa akimlea alikuwa na tableti, na ndani ya tableti mlikuwa na mchezo wa kuvamiana ngome, watano kwa watano, wachezaji wanaweza kuwa popote duniani, na walio upande mmoja husikizana sauti. Tableti ilikuwa imefungwa isikubali zaidi ya mchezo mmoja kwa siku. Mtoto alipenda katuni zake, na saa nane alilala, kwa hiyo mchezo huo mmoja ukawa wa Pamela. Kuandika hakuthubutu, maana mwajiri alipitia maandishi yote jioni. Kwa sauti, waliongea Kigiriama, na nani angewaelewa?

Aliyemfundisha Kadii kucheza ni Janet, mwenye kibanda cha kuchajisha simu pale wanapoegesha boda boda. Janet alimweleza kwamba kabla ya mchezo kila mtu huchagua atakuwa nani. Kuna Mlinzi mwenye ngao, kuna Mpiga Mishale, kuna Mganga anayewatibu wenzake. Na ukiuawa, sauti hukatika, husemi wala husikii, hadi mchezo uishe. Kadii aliposikia hilo la mwisho hakuuliza zaidi, akachagua Mganga.

Kazi yake ikawa moja tu, Pamela asife. Na Pamela alikuwa mchezaji mbovu, mbovu kupindukia, Mpiga Mishale anayekimbilia katikati ya maadui kana kwamba kaitwa kula. Kadii nyuma yake, anatibu, anamkinga, anamwambia rudi nyuma we mwana, huku anamuuliza kama amekula. Mchezo ulichukua nusu saa, siku nyingine na zaidi. Katika nusu saa hiyo walisalimiana wakamaliza, wakasengenya, Pamela akalia kidogo, wakacheka. Kushinda au kushindwa hakuna aliyejali. Kadii alikuwa Mganga hodari kuliko wengi waliojitia mabingwa, na hakuwahi kumwambia mtu.

Halafu wenye mchezo wakaleta Jinamizi.

Sasa hebu niambieni, watu wazima waliosoma wakakaa kitako wakaona ni jambo la akili kutengeneza kiumbe kama kile, walikuwa wamekula nini? Jinamizi anapenya kuta. Haonekani hadi awe mgongoni mwako. Akikupiga mara moja umekwisha, na kila akiua mtu anapata nguvu upya, kwa hiyo hata ukimjeruhi umejichosha bure. Mlinzi na ngao yake kubwa anakufa. Mganga anakufa ameinua mkono wa kutibu. Wiki moja haikupita, kila upande ukawa na Majinamizi watatu, wanne, na mchezo wa nusu saa ukawa wa dakika mbili. Miaka ambayo watu walijifunza kucheza ikatupwa jalalani, mshindi ni yule aliyebofya mapema.

Kadii alimlalamikia Janet. Janet akamwambia naye achukue Jinamizi, mbona anajitesa na uganga? Siku moja, kwa uchovu tu, akamchukua. Aliwafyeka maadui wote watano peke yake, maandishi ya ushindi yakajaa kwenye kioo, na Pamela hata hakuwa amemaliza kuuliza habari za mbuzi. Kadii alikaa akiyatazama yale maandishi akatamani kuitupa simu kwenye bwawa. Aliwaandikia wenye mchezo kwa Kiswahili, akawaambia wanaonea watu. Wakamjibu saa ile ile kwamba wanathamini maoni yake.

Haya, hayo angeyavumilia. Chumvi yenyewe humfunza mtu kuvumilia. Lakini Jumapili mama yao, aliyekuwa akiishi kwa Kadii tangu alipoacha kulima kule Sabaki, alikataa chakula. Miguu ilikuwa imevimba, na zahanati wakasema ni presha, wakampa dawa, wakamtaka apumzike. Mama hakutaka dawa wala pumziko, alimtaka Pamela. Alijua kwamba Alhamisi mwajiri angemwekea Pamela karatasi za miaka miwili mingine. Akamwambia Kadii amfikishie mdogo wake neno moja, asitie sahihi, arudi nyumbani.

Wakala wa Mombasa aliyempeleka hakushika simu. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Ilibaki saa nane mchana, Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Mtu wa nje atauliza, neno moja si sekunde tatu? Aseme tu. Hajui kwao. Kwao salamu haikatwi. Utaulizwa umeamkaje, na wa nyumbani wameamkaje, na mama, na wajomba mmoja mmoja, na shamba, na mbuzi, nawe unarudisha vile vile, ndipo mtu anasema kilichomleta. Anayeingia uani bila salamu amekuja na msiba. Baba yao alipofariki, jirani yao Thoya aliingia akasimama kimya, hakusalimu mtu, na mama yao akaangua kilio kabla Thoya hajafungua mdomo. Pamela alikuwa na miaka kumi, alikuwa hapo, anapukuchua mahindi.

Kwa hiyo Jumatatu Kadii alisalimu. Walifika kwa wajomba, Jinamizi akatokea ukutani, Pamela akafa. Jumanne alisalimu kwa kasi, maneno yakigongana, akamficha Pamela nyuma ya kisima, na akamtibu hata kidole kikauma. Walifika kwenye shamba. Jinamizi akaanza na yeye Mganga, na sauti yake ikakatika katikati ya neno mahindi. Aliketi kibarazani akimtazama Pamela kwenye kioo akizunguka kisima kumtafuta, na hawezi kumsikia wala kumjibu. Mama akauliza kutoka ndani kama amemwambia. Kadii akasema kesho.

Jumatano kazini Ndirangu, mnyapara wao, alimkuta amesimama na reki mkononi hakwangui kitu, akamuuliza kama anaumwa. Alisema amechoka. Na kweli alikuwa amechoka, na chumvi, na ugonjwa wa mama, na kiumbe asiye na sura anayemtoroshea mdogo wake kila mchana. Ndipo akaamua. Leo hakuna salamu.

Saa nane lango la ngome lilifunguka, sauti zikaingia.

"Dada, umeamkaje?"

"Pamela, niache nisiseme hayo. Nisikize. Mama..."

Mpiga Mishale alisimama. Alisimama peupe, katikati ya uwanja, haendi mbele wala nyuma.

"Usimalize," Pamela alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi. "Usimalize, dada. Nimejua."

Kadii akaelewa alichofanya. Alipaza sauti, si hivyo, mama yu hai, yu hapa ndani, nisikize, lakini Jinamizi alikuwa ameshapita. Mpiga Mishale alikuwa chini. Aliyeuawa haongei, wala hasikii. Kadii aliendelea kusema na simu, yu hai, yu hai, hata jirani akachungulia kuona kuna nini.

Usiku ule hakuna haja ya kuusimulia. Alhamisi saa nane kasoro robo alikuwa tayari kaketi. Simu ilimchelewesha kwa sababu mchezo ulikuwa umebadilishwa, na tangazo likatokea kwamba kutokana na malalamiko ya wachezaji wengi, nguvu za Jinamizi zimepunguzwa. Hawezi tena kupenya kuta, na pigo lake moja haliui. Kadii alisoma akasonya.

Lango lilipofunguka hakungoja.

"Mama yu hai, Pamela. Anaumwa tu. Leo amekunywa uji. Alinituma nikwambie usitie sahihi, urudi."

Jinamizi mmoja alikuja, akampiga Mpiga Mishale, Kadii akamtibu. Akampiga tena, akamtibu tena. Mlinzi wao akafika na ngao akamfukuza. Kila kitu kilikuwa kama zamani.

"Wameleta karatasi asubuhi," Pamela alisema hatimaye. "Nilijiambia, nirudi kwa nani? Hata maziko nimeyakosa. Nikatia sahihi."

Kadii alibofya, akamtibu tena.

"Miaka miwili, dada."

"Nimesikia."

Mchezo ule ulichukua dakika arubaini na moja. Haukuwahi kuchukua muda mrefu hivyo, na wangeweza kuongea lolote. Pamela alilia, akanyamaza, akauliza mama anakunywa dawa gani, Kadii akamjibu. Mara moja Kadii alisema ni kosa lake yeye, Pamela akasema si lake, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana. Basi wakaenda tu, mmoja mbele na mwingine nyuma yake akimtibu, hata ngome ikaanguka na sauti zikafungwa.

Ndani mama alikuwa ameamka. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunga leso, uso una nuru kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Aliuliza kama leo amemwambia Pamela. Kadii akasema amemwambia, maneno yote.

"Anakuja lini?"

Kadii aliuchukua uji mezani, akaukoroga.

"Kunywa kwanza, mama," alisema. "Unapoa."