Sentensi Niliyoandika Kuhusu Josho la Busi

"Josho lilikufa kwa sababu ya mwamko mdogo wa wananchi." Mwezi uliopita mheshimiwa mmoja aliisoma sentensi hiyo redioni kutoka ripoti ya zamani. Historia ya uchumi wetu, alisema, inafundisha kwamba Serikali ikiwajengea watu, watu hupuuza. Kwa hiyo isitumie tena fedha kwenye majosho. Nilimsikia nikiwa nyumbani Mkonze. Sentensi hiyo niliiandika mimi, na si ya kweli.

Nilianza kazi Busi, bwana mifugo msaidizi. Siku ya kwanza nilikuta ng'ombe kwenye foleni kabla jua halijapanda. Josho ni handaki la saruji lenye maji ya dawa: ng'ombe anaruka, anazama hadi pembe, anaogelea na kutokea upande wa pili. Dawa inaua kupe, na kupe ndio wanaoleta ndigana kali, ugonjwa unaomaliza ndama kwa siku chache. Foleni aliipanga Iddi, mfugaji wa rika langu. Alitazama viatu vyangu.

"Bwana Mifugo, hivyo ni vya harusi. Kaa mbali na maji."

Sikukaa mbali. Nilirudi nimelowa dawa hadi kwapani, naye alicheka wiki nzima.

Dawa ilitoka serikalini. Mara kwa mara nilichota maji ya josho na kuyapeleka kupimwa, maana dawa ikipungua nguvu ng'ombe anaoga bure. Kuzibua mfereji na kujaza maji ilikuwa kazi ya wananchi, na waliifanya. Kisha dawa ikaacha kuja. Niliomba kwa barua mara tatu. Iddi na wenzake waliendelea kubeba maji kwa madumu msimu mzima, wakisubiri.

Mwisho wa mwaka niliripoti kwamba josho limesimama kwa kukosa dawa. Afisa Mifugo wa Wilaya, mtu mpole aliyenifundisha mengi, alinirudishia karatasi.

"Kijana, ukisema Serikali haijaleta dawa, unadhani anayesoma ripoti ni nani?"

"Niandike nini, mzee?"

"Andika mwamko. Mwamko haumuudhi mtu."

Wengi tuliandika hivyo, kisima kikikauka au ghala likibomoka. Nami nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo. Nikapandishwa, nikapelekwa Chemba, kisha Dodoma mjini, hadi nikastaafu. Ninyi mnaoandika ripoti leo, karatasi haistaafu.

Sasa halmashauri inajadili kama josho lifufuliwe. Iddi amezika ndama wanne tangu mvua zianze. Jumapili alinipigia simu.

"Yule mheshimiwa wa redioni katuita wavivu, Bwana Mifugo. Anasema kaandika mtaalamu. Wewe ulikuwa ofisini, ni mtaalamu gani huyo?"

"Nitaulizia," nikasema.

"Ulizia. Tumlete abebe madumu."

Jumatatu nilisafiri hadi halmashauri kupeleka barua yenye jina langu, cheo changu cha wakati ule na kisa chote. Karani wa masjala aliigonga muhuri wa kupokelewa, akasema itaingia kwenye faili la kikao kama muda unaruhusu. Nimepiga simu mara mbili tangu hapo. Hakuna anayejua faili liko kwa nani.

Kikao ni kesho. Iddi anatoka Busi alfajiri na amenishikia nafasi kando yake, kwenye viti vya wananchi. Bado sijamwambia.